Mama Alikuwa Akiomba Saa Ngapi

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Naamini barua hii inakukuta mzima. Majuzi nilipokupigia simu nikakuuliza kama umekula, ukanijibu, "Ndiyo, imenyesha kidogo." Nikaona bora nirudi kwenye kalamu. Nailaumu mashine yako ya kuranda. Miaka thelathini inakupigia kelele, na ukiambiwa uzibe masikio unasema fundi lazima asikie ubao unavyolia. Haya, sasa unalia peke yake.

Sisi hatujambo. Mkwe wako bado yuko huko wanakovuta nyaya za umeme. Anarudi kila baada ya wiki tatu: siku ya kwanza analala, ya pili anatengeneza vilivyoharibika, ya tatu anaondoka. Mchumba wako ametimiza miaka mitano na anauliza harusi yenu ni lini, maana amechoka kungoja. Jenerali ana miaka mitatu na anaamrisha nyumba nzima. Jana aliuamrisha unga ushuke sakafuni, nao ukatii. Mtoto mchanga ana miezi mitano na hana habari na usingizi.

Sasa nikwambie kilichonikalisha. Mama mchungaji ameniomba nizungumze kwenye siku ya akina mama wenye watoto wadogo, mwezi wa tisa. Somo ni "Mama aliyenilea katika imani." Kanichagua kwa kosa langu mwenyewe. Tangu nihamie huku nimekuwa nikimtaja Mama kila tukikaa kikundi: Mama alivyoimba kwaya, Mama ambaye hakupaza sauti hata siku moja, Mama na magoti yake. Wamemjua kama vile hajafa miaka sita iliyopita.

Nimeshika kalamu mara nne kuandaa hilo somo na nimegundua kwamba sijui alifanyaje. Sisi tulikuwa wanne, maji yanachotwa mbali, na hakuwa na msaidizi. Mimi nina watatu na bomba liko uani, na ikifika saa nne asubuhi nimeshafoka mpaka jirani yangu mshonaji anasimamisha cherehani asikilize.

Kwa hiyo niambie, Baba. Mama alikuwa akiomba saa ngapi? Aliamka kabla yetu sote? Biblia aliisoma wakati gani? Nitajie saa kabisa, nami nifuate.

Ningeandika zaidi lakini Jenerali ameukalia ukurasa wa pili.

Binti yako,
Chiriku


2 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Asifiwe sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na sikujisikia.

Mimi mzima. Goti la kushoto linanidai heshima kila nikiinuka. Kanisani wamenipa kazi ya viti: arobaini na nane, vyote miguu imelegea. Nimewaambia waumini wa siku hizi ni wazito kuliko imani yao, mzee wa kanisa akacheka, lakini mama mmoja hakucheka. Kaka yako mkubwa alipita wiki iliyopita, ananenepa.

Mwambie mchumba wangu mahari bado naitafuta. Jenerali mpe saluti.

Kuhusu mama yenu, sijui nikwambie nini ambacho hukijui. Alikuwa mwanamke mwema. Aliimba sauti ya pili. Alipenda nguo zilizonyooshwa. Kuomba aliomba, ila sikuwa naangalia saa, mimi alfajiri nilikuwa nimeshafika karakana. Waambie alimpenda Mungu na aliwapenda ninyi. Hilo linatosha kwa somo.

Kile kitanda cha mtoto nilichowatumia, kaza skrubu za pembeni kila baada ya miezi mitatu. Ubao mpya hukauka na kujivuta.

Baba yako,
Fundi


20 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Viti arobaini na nane! Usiinue vyote mwenyewe.

Huku tunaendelea. Mtoto anaota meno, Jenerali ana kikohozi, Mchumba ameanza shule na kila siku anarudi na swali. Jana: Mungu anachoka? Nikamwambia hachoki. Akaniangalia, akaniambia, "Basi si kama wewe." Nikaingia chumbani nikatandika kitanda ambacho kilikuwa kimetandikwa.

Baba, hukunijibu. Umenipa skrubu.

Sitaki tu habari za kuwaambia akina mama. Nataka mimi. Tangu nimzae huyu wa tatu siwezi kuomba. Napiga magoti, nasema "Baba yetu," halafu inayofuata nguo za kufua, uji unaochemka, dawa ya kikohozi iko wapi, na ninapoinuka sikumbuki nilikuwa nimefika wapi. Zamani nilikuwa nikiomba mpaka mkwe wako ananikumbusha chakula. Sasa nikisikia mtu anaomba vizuri kanisani namwonea wivu kama amevaa nguo yangu.

Halafu namkumbuka Mama na naona aibu. Yeye alikuwa na wanne. Lazima kulikuwa na namna. Wewe uliishi naye miaka thelathini na minne, huwezi ukawa hujui.

Mkwe wako alikuwa arudi juzi. Wamemwongezea wiki mbili.

Binti yako,
Chiriku


11 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kwa sababu ya viti. Pia nilianza kukuandikia mara mbili nikachana.

Usijilinganishe na mama yenu. Kila mtu ana kifua chake. Lala mchana watoto wakilala. Kunywa maji.

Viti vimebaki kumi na moja.

Baba yako,
Fundi


16 Mei

Baba,

Shikamoo. Hatujambo.

Samahani kwa kimya. Wiki mbili zilizopita mtoto alianguka kitandani akapasuka kwenye paji la uso. Ameshonwa nyuzi tatu. Anaendelea vizuri, anacheka, kovu litakuwa dogo. Mkwe wako nimemwambia kwa simu, akasikitika, akasema ajali hutokea.

Mama mchungaji ananiuliza kama somo liko tayari. Nimemwambia liko tayari.

Mchumba haulizi maswali siku hizi. Anamfuata mdogo wake kila aendako.

Sina zaidi.

Chiriku


22 Mei

Mwanangu,

Nimeiweka barua yako juu ya meza ya kazi siku tatu nikiizunguka. Ni fupi. Wewe, ambaye tulikuita Chiriku kwa sababu ulianza kusema kabla hujatembea na hukunyamaza tena.

Unasema mtoto alianguka kitandani. Kile kitanda nimekitengeneza kwa mikono yangu. Kingo zake zinanifika kiunoni, na nafasi kati ya fito na fito nimeipima kwa vidole viwili. Mtoto wa miezi minane haanguki kutoka kitanda kile. Sikuulizi alianguka wapi. Nataka tu ujue kwamba najua.

Na kwa kuwa najua, mimi ndiye ninayepaswa kusema kwanza.

Ulikuwa na miaka minne. Kaka yako mkubwa saba, yule anayekufuata miwili, na mdogo wenu wa mwisho alikuwa na miezi sita na tumbo la kusokota. Ilikuwa Jumatano. Nilirudi kula mchana. Toka nje nikasikia harufu ya sufuria iliyoungua. Ninyi mlikuwa mmekaa kizingitini, wanne, mmepangana kama viatu. Kaka yako amempakata mtoto. Nikauliza, "Mama yenu yuko wapi?" Wewe ndiye uliyejibu. Ulisema, "Ametoka na mkoba."

Alikaa huko alikokwenda siku tisa.

Sikumtafuta siku ya kwanza, nilikuwa na hasira. Siku ya pili nilimtafuta. Siku ya tatu nikaanza kudanganya. Niliwaambia ninyi kwamba amekwenda kumuuguza dada yake. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa zima, nimevaa koti langu la harusi, nikaomba wamwombee shemeji yangu mgonjwa. Shemeji yangu siku hiyo alikuwa mzima kabisa, na nadhani maombi yale yalimsaidia, maana mpaka leo yuko hai. Watu walifunga kwa ajili ya uongo wangu.

Katika siku zile tisa nilijifunza mtoto mmoja anaomba maji mara ngapi. Nilijifunza kwamba ukimaliza kuwalisha ni wakati wa kuwalisha. Siku ya sita nilimweka mdogo wenu chini ya meza ya kazi, kwenye maranda ya mbao, nikatoka nje nikashika ukuta kwa mikono miwili, nikaushika mpaka nilipoweza kurudi ndani. Sikumwambia mtu.

Siku ya tisa nilirudi kutoka karakana nikamkuta jikoni anaosha vyombo. Alikuwa amefika kituo cha masista, safari ya siku nzima. Walimpa chumba, akalala. Akiamka anafagia uwanja wao, halafu analala tena. Hilo tu ndilo aliloniambia. Akasema, "Nilichoka, mume wangu. Usiniulize. Na watoto wasijue kamwe." Nikaapa.

Nilikitunza kiapo hicho nikajiona muungwana. Mume asiyeuliza! Lakini mwanangu, sikuuliza kwa sababu niliogopa kulisikia jina langu kwenye jibu. Nilimchotea maji wiki mbili, halafu kazi zikawa nyingi, nikaacha. Badala yake nikaanza kumsifu. Kanisani, kwa wageni, mbele yenu: mama yenu hachoki, mama yenu hapazi sauti. Ilikuwa rahisi kumsifu kuliko kumpokea ndoo. Hakupaza sauti tena baada ya hapo, ni kweli. Sijui aliipeleka wapi.

Huyo ndiye mama unayemwonea aibu. Nusu yake nilimtengeneza mimi.

Aliomba saa ngapi? Sijui. Miaka thelathini na minne, na sijui. Hilo ndilo lililonifanya nikakuandikia habari za skrubu.

Nimevunja kiapo. Nimelifikiria sana nikiwa na randa mkononi. Aliniambia watoto wasijue. Wewe si mtoto tena, ni mama mwenzake. Naamini angeniruhusu. Kama asingeniruhusu, nitakutana naye huko na nitasikia vizuri atakaponigombeza.

Baba yako


24 Juni

Mwanangu,

Nimekwenda posta mara nne. Karani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani.

Kama umenikasirikia, niandikie hasira. Ukurasa mtupu wenye jina lako utanitosha.

Baba


8 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe. Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, nikaikunja, nikaificha kwenye kopo la chumvi kama mwizi.

Nilikukasirikia kwanza wewe. Halafu Mama. Halafu nikakasirika kwamba yeye aliweza siku tisa na mimi saa moja na nusu imenivunja. Naona unanielewa sasa.

Ilikuwa Jumanne. Mtoto alikuwa analia tangu kumekucha, sio kilio cha ugonjwa, kilio tu. Jenerali alikuwa amekojoa kwenye viatu vya baba yake. Mchumba hakuwa amekwenda shule kwa sababu sikuwa nimempeleka, na sikuwa nimempeleka kwa sababu sikuweza kupata soksi ya pili. Soksi, Baba. Nilikaa sakafuni na soksi moja mkononi nikaona haiwezekani.

Nikamweka mtoto kitandani, kitanda chako. Nikamwambia Mchumba, "Mwangalie mdogo wako." Nikatoka kuanika nepi. Nilianika zote. Halafu mkono ukafungua geti. Sikuamua, au niliamua, sijui, nimejiuliza mara nyingi. Nikatembea mpaka stendi ya mabasi nikakaa kwenye benchi nikiwa na ndala za rangi mbili na vibanio vya nguo mfukoni. Kulikuwa na basi linapakia. Utingo akaniuliza, "Mama, unapanda?" Sikumjibu. Akauliza tena. Baba, nilikuwa natafuta jibu. Hilo ndilo ninaloshindwa kusema hata kwenye sala: kwamba nilikuwa natafuta jibu.

Basi likaondoka. Nikabaki. Halafu maziwa yakanijaa kifuani, nguo ikalowa mbele ya watu, na mwili ndio ulioniinua. Nilirudi mbio.

Nilimkuta jirani yangu mshonaji sebuleni, mtoto amemfunga mgongoni, kitambaa cha damu kwenye paji. Mchumba alikuwa amepanda kiti, akamtoa mdogo wake kitandani kwa sababu hakunyamaza, akamkokota mpaka nje kunitafuta. Akateleza kwenye ngazi. Ana miaka mitano. Alikuwa ananitafuta na mtoto mikononi.

Mshonaji hakuniuliza kitu. Alisema, "Maji ya moto yako kwenye chupa. Twende zahanati akashonwe."

Mkwe wako anajua nilichomwambia: kitandani. Na Mchumba nilimwambia asiseme. Nimemfundisha mtoto wangu kudanganya, halafu jioni hiyo hiyo nikamshika mikono tuombe.

Kilichonishtua kwenye barua yako sio siku tisa. Ni wale wanne kizingitini. Mimi sikumbuki kabisa. Lakini mpaka leo mkwe wako akichukua mkoba wake mimi hutoka chumbani, na hatukuwahi kujua ni kwa nini.

Chiriku


16 Julai

Mwanangu,

Asante kwa kurudi.

Sikusemi. Mwenye kukusema si mimi. Mtoto yuko hai, Mchumba yuko hai, wewe umerudi. Anza hapo.

Mwambie mumeo. Usingoje aulize. Wanaume tunajua sana kutouliza, tunaweza kuifanya kazi hiyo mpaka kufa.

Mimi nakuja. Viti vimekwisha, nimefunga karakana, tarehe tatu mwezi ujao niko kwako, wiki tatu. Usihangaike kunipikia vitu. Na usiniambie mtoto analia sana: mimi sisikii. Nitambeba tu, yeye atapiga kelele, mimi nitaona anafungua mdomo. Hakuna mlezi bora kuliko mimi katika nchi nzima.

Kuhusu somo lako. Nenda ukamwambie mama mchungaji huwezi, au nenda ukaseme kweli. Ya katikati nimeijaribu miaka thelathini, haifai.

Baba yako,
Fundi


29 Septemba

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nashukuru ulifika salama na goti lilivumilia safari. Nyumba imekuwa kubwa bila wewe. Jenerali anavaa kofia uliyoisahau na anadai wewe umempa cheo. Mchumba anasema harusi imevunjwa, amepata mwingine shuleni, mwenye pensili za rangi. Pole sana.

Nikuandikie habari zilizotokea baada ya kuondoka.

Mkwe wako. Ulimwona ule usiku aliorudi, ulivyotuachia sebule ukajifanya umechoka. Nilimwambia yote. Ulidhani tumeyamaliza kwa sababu asubuhi alikunywa chai na wewe. Hatukuyamaliza. Wiki nzima, nyumbani na kisha kwa simu, alinijibu neno moja moja. Hakunikasirikia kuondoka, alisema, alinikasirikia kumwacha aseme "ajali hutokea" kama mjinga. Halafu siku moja alipiga simu kutoka kambini saa ya chakula cha mchana, akaniuliza, "Leo ikoje?" Nikamwambia, "Mbaya." Akasema, "Niambie." Nikamwambia kuhusu uji na nepi na Jenerali kujifungia chooni, mambo yasiyo na maana yoyote, na yeye akabaki kwenye simu mpaka mwisho. Ameomba uhamisho wa karibu. Wamemkatalia. Ameomba tena. Anapiga simu kila siku saa ile ile. Wakati mwingine hatuna la kusema, tunasikilizana tu tunavyotafuna.

Sasa siku ya akina mama. Tulikuwa kama thelathini, kwenye ukumbi wa kanisa, watoto kila mahali. Nilikuwa na karatasi tatu nilizoandika vizuri. Nikasimama, nikaziangalia, nikaziweka kwenye kiti.

Nikasema, "Mama yangu aliimba sauti ya pili kwenye kwaya, alitulea wanne, na nilipokuwa na miaka minne alichukua mkoba akaondoka siku tisa."

Mtoto mmoja akapiga chafya. Mama mchungaji alikuwa anaangalia sakafu na nikajiambia, basi, nimekwisha, kesho watanipa kazi ya kufagia.

Halafu yeye mwenyewe akainua kichwa akauliza, "Na baba yenu alifanya nini?"

Nikasema, "Aliliambia kanisa limwombee shemeji yake."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hata mafua hakuwa nayo."

Samahani, Baba, walikucheka. Walicheka mpaka muuguzi mmoja wa mstari wa mbele akalazimika kushika ubavu, na katikati ya kucheka nikaona analia. Ndipo nikawaambia ya kwangu. Geti, benchi, utingo. Nilifika mpaka kwa Mchumba na kile kiti.

Sikuwa nimeandaa mwisho. Nikasema tu, "Mlinipa nizungumzie mama aliyenilea katika imani. Ni huyo. Aliondoka, akarudi, akaosha vyombo, na hakuna aliyemuuliza. Nilitaka kujua alikuwa akiomba saa ngapi. Sasa natamani mtu angemuuliza amelala saa ngapi."

Nikakaa. Mama mchungaji akainuka, akaenda kufunga mlango wa ukumbi, akarudi. Nilidhani atafunga kwa sala. Akasema, "Mafundisho yamekwisha. Sasa semeni." Halafu, kwa kuwa hakuna aliyeanza, akaanza yeye. Sitakuandikia alichosema, ni chake. Lakini ni mwanamke ambaye mwaka mzima nimekuwa nikimwonea wivu anavyoomba.

Tulitoka tumechelewa, watoto wana njaa, kila mtu macho mekundu. Muuguzi na jirani yangu mshonaji, ambaye naye alikuwepo, wamepanga zamu pale pale mlangoni: Jumanne watoto wangu wanakwenda kwa mshonaji, Alhamisi wa muuguzi wanakuja kwangu, na kadhalika. Sio kila wiki inafanyika. Wiki hii muuguzi alisahau. Jumanne ya kwanza sikujua la kufanya, nilizunguka nyumba nikiokota midoli, halafu nikalala kwenye zulia mpaka walipogonga.

Usidhani nimepona. Nimechoka, Baba. Naamka nimechoka. Jana nilifoka mpaka cherehani ikasimama, na mshonaji akaita kutoka dirishani kwake, "Nakuja au unaendelea?" Nikamwambia, "Njoo." Hiyo ndiyo tofauti niliyo nayo ya kukuonyesha, sina nyingine.

Lakini leo asubuhi, mezani, Mchumba aliacha kijiko akaniuliza, "Mama, siku ile ulikwenda wapi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Nikaumeza. Nikamwambia, "Nilichoka sana, nikatoka, nikaenda kukaa mbali. Nilikosea kuwaacha. Nilikosea kukwambia umwangalie mdogo wako, na nikakosea zaidi kukwambia usiseme. Haikuwa kazi yako."

Akafikiri. "Nilimwangusha."

"Hukumwangusha. Wewe ulikuwa unanitafuta. Mimi ndiye niliyekuwa nimepotea."

"Ukichoka tena utaniambia?"

"Nitamwambia baba yako. Nitamwambia shangazi mshonaji. Wewe kazi yako ni kucheza."

"Na shule."

"Na shule."

Jenerali akaamuru tuombe kwa sababu uji unapoa. Nikafumba macho, nikasema "Baba yetu," na kama kawaida maneno mengine yakagoma kuja. Walisubiri. Nikasikia kijiko kinagonga bakuli, halafu sauti ya Mchumba, si ya kukariri, ya kuongea tu kama anamwagiza mtu dukani:

"Mungu, mama amechoka. Amina."

Nikaitikia amina. Tukala.

Binti yako,
Chiriku